Garimoshi la Mezani



Watu wengi wakimwona mtu mzima amejifungia bandani, tupa mkononi, akichonga kigarimoshi cha kutembea juu ya meza, hudhani amerudia utoto. Leo nataka kumtetea mtu huyo. Kabla garimoshi halijabeba abiria hata mmoja, lilitanguliwa na vitu vya namna hiyo hiyo: vidogo, vilivyoundwa kwa mkono, na vilivyokwenda vyenyewe.

Mwaka 1784, katika mji wa Redruth, huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, fundi Mskoti aitwaye William Murdoch aliunda kigari cha mvuke chenye magurudumu matatu. Chombo cha kuchemshia maji, yaani boila, kilikuwa cha shaba, na chini yake iliwaka taa ya spiriti. Mvuke ulisukuma pistoni, pistoni ikazungusha magurudumu, kigari kikakimbia.

Murdoch alikuwa mwajiriwa wa Matthew Boulton na James Watt, mabwana wa injini za mvuke wa zama zile. Kazi yake ilikuwa kuangalia injini za kuvuta maji migodini. Waajiri wake hawakufurahi. Mwaka 1786 Boulton alikutana naye njiani akienda London kuandikisha haki ya uvumbuzi wake, akamshawishi arudi kazini. Akarudi, na mfano ukabaki kuwa mfano.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Katika eneo lile lile la migodi alikuwapo Richard Trevithick. Yeye naye alianza na mifano midogo, mwishoni mwa miaka ya 1790, lakini hakuishia hapo. Desemba 1801 gari lake kubwa la mvuke lilipanda kilima cha Camborne likiwa na watu juu yake. Tarehe 21 Februari 1804, huko Penydarren, Wales, injini yake ilivuta juu ya reli tani 10 za chuma na watu wapatao 70, mwendo wa karibu maili 10. Reli zilivunjika kwa uzito wake, lakini hoja ilikwisha kuthibitika.

Mimi naupenda mfano unaotembea kuliko ule wa kuwekwa kabatini, kwa sababu hauwezi kudanganya. Karatasi hukubali kila mchoro, mvuke haukubali. Anayedhani kazi ni kupunguza vipimo tu atakwama. Ukipunguza urefu, upana na kimo kwa nusu, maji ya ndani yanabaki sehemu moja ya nane, lakini eneo la nje linalopoteza joto linabaki robo. Ndiyo maana boila dogo hupoa upesi. Rocket, injini ya George Stephenson na mwanawe Robert iliyoshinda mashindano ya Rainhill mwaka 1829, ilikuwa na mabomba 25 ya kupitishia moto ndani ya boila. Fundi anayeunda mfano wake leo hupunguza idadi hiyo, kwani mabomba yakiwa membamba mno moto haupumui.

Wala si mchezo. Boila lililolehemiwa vibaya hupasuka. Kabla ya kuwasha moto, fundi mwangalifu hulijaza maji baridi, kisha hulisukuma kwa pampu hadi mara mbili ya kani litakayofanyia kazi. Maji hayashindiliki kama mvuke. Pakiwa na ufa yatavuja tu, bila kurusha vipande vya shaba usoni mwa mtu.

Kigari cha Murdoch kipo hadi leo, kimehifadhiwa mjini Birmingham. Ni kidogo, lakini kinatufunza sisi waajiri, walimu na wazazi. Kijana akikuletea kitu kidogo alichokiunda mwenyewe, usianze kumwuliza kitauzwa bei gani, wala usimwambie arudi kwenye kazi yake. Mwambie akiwashe. Kikitembea, mpe nafasi atengeneze kikubwa.