Mashine za Kuchumia Chai na Makao ya Wachumaji
Mada iliyosomwa katika semina ya wanaojitolea kuwahudumia wasio na makao, Kericho



Nimetakiwa nizungumze juu ya roboti katika maisha ya kila siku, na juu ya wale wanaojitolea kuwasaidia watu wasio na pa kulala. Na ingawa huenda ikadhaniwa kwamba mambo haya mawili hayana nasaba, kwa kuwa moja ni la wahandisi na jingine ni la watu wa huruma, mimi naona ya kuwa katika nchi hii ya chai, kuanzia Kericho mjini kupitia Litein hadi Sotik na Bomet, mambo hayo yamefungamana kabisa, wala hatuwezi kulitengeneza la pili maadamu la kwanza hatujalitazama sawasawa.

Roboti ikitajwa, aghalabu wengi wetu hufikiri juu ya mtu wa chuma. Na ni kweli kwamba watu wa chuma wamekwisha kufika karibu nasi: mwaka 2013 mjini Kinshasa, mhandisi Thérèse Izay alisimamisha katika njia panda roboti za alumini zitumiazo nguvu ya jua, zikiyaongoza magari kwa mikono yao, na mwaka 2020, wakati wa korona, Rwanda iliweka katika vituo vya matibabu roboti za kupima joto la wagonjwa na kuwapelekea chakula na dawa, ili waganga wasiambukizwe. Hizo zilipokewa kwa furaha, na kwa insafu zilistahili furaha hiyo, kwa sababu zilikuja kumsaidia mwanadamu katika kazi yenye hatari, wala hazikumtoa mtu katika nyumba aliyolala ndani yake.

Iliyokuja kwetu haina kichwa wala macho. Ni wembe mrefu uliopinda kufuata mgongo wa mchai, wenye injini ndogo ya petroli, ushikwao na watu wawili, mmoja upande huu wa safu na mwingine upande wa pili, nao hutembea hatua kwa hatua huku upepo wa injini ukiyasukuma majani yaliyokatwa yaingie katika mfuko mrefu wa nguo unaoburutwa nyuma, na mtu wa tatu ameushika mkia wake usije ukanasa matawini. Ziko pia zilizo kubwa zaidi, ziendeshwazo kama trekta juu ya safu nzima. Mchumaji wa mkono huchagua majani mawili na chipukizi, huyakata kwa kidole gumba na cha shahada, akayatupa nyuma ya bega kikapuni, na jani lililokomaa huliacha; ama mashine haichagui, bali hukata kila kilichozidi kimo chake, kiwe chipukizi, kiwe kijiti. Wako watakaosema kwamba chombo hiki si roboti, madhali bado chahitaji mikono ya kukishika, na kwa ilimu ya wahandisi watakuwa wamesema kweli. Lakini mwanamke aliyechuma chai miaka ishirini, kisha akaambiwa kwamba zamu yake imechukuliwa na chuma, hana haja na tofauti hiyo.

Mashine hizi zilianza kuonekana katika mashamba makubwa tangu mwaka 2006 hivi. Mwezi wa Oktoba 2010 chama cha wafanyakazi wa mashambani, KPAWU, kiliitisha mgomo kwa ajili yake. Mwezi wa Mei 2023 ghasia zilizuka hapa Kericho, mashine zikachomwa moto, watu wakajeruhiwa, na roho ya mtu ikapotea, jambo ambalo kila mwenye imani alilisikitikia. Kamati iliyoundwa na serikali ya kaunti ya Kericho ilikadiria kwamba katika muda wa miaka kumi ajira zipatazo 30,000 zilikuwa zimepotea kwa sababu ya mashine. Wenye mashamba nao wana hoja zao, wala si hoja za kupuuzwa: wasema kwamba ujira na gharama hupanda kila mwaka ilhali bei ya mnada wa Mombasa haipandi kwa kadiri hiyo, na kwamba Japani na Argentina zimekwisha kuacha kuchuma kwa mkono siku nyingi. Sikuja kutaka mashine zivunjwe. Nimekuja kuuliza juu ya kitu ambacho Mjapani hakulazimika kukiuliza, nacho ni nyumba.

Tangu kampuni za Kiingereza zilipoanza kupanda chai katika milima hii, katikati ya miaka ya 1920, juu ya ardhi ambamo Wakipsigis walikuwa wameondolewa, kazi na maskani vilifungwa kwa kamba moja. Mchumaji aliyetoka Gusii, au Nyanza, au magharibi, au aliyetoka kijiji cha jirani tu, alipewa kikapu na chumba katika nyumba za laini, pamoja na zahanati, na shule ya watoto, na maji ya bomba. Muamala huo ulikuwa na fadhila zake, nasi tusizikane. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 31, imeuthibitisha kwa kumlazimisha mwajiri ama ampe mfanyakazi makao ya kufaa, ama amlipe posho ya kutosha kupanga nyumba. Lakini nyumba ya laini haina hati wala mkataba wake peke yake: mtu huipata kwa kuwa ni mchumaji, na haki yake ya kukaa humo hukoma pamoja na kazi. Kwa hiyo mashine inapochukua kazi, huchukua na paa.

Aliyepata kupita katika nyumba hizo siku ya kuhama anaijua hali yake. Godoro limekunjwa na kufungwa kamba; sufuria zimepangwa ndani ya karai; jiko la makaa lingali na majivu ya asubuhi; mabati mawili matatu, yaliyonunuliwa kwa akiba ya miaka, yameegemezwa ukutani yakingoja pikipiki; na watoto wamevaa sare za shule ambayo Jumatatu hawataingia tena, kwa kuwa ni shule ya shamba. Nanyi mwaijua Kericho: tuko kama mita 2,000 juu ya bahari, mvua hunyesha karibu kila alasiri, mara nyingi ikichanganyika na mawe, na usiku baridi huingia mpaka mifupani. Asiye na paa hapa hana sitara hata kidogo.

Sasa niwaelekee ninyi mnaojitolea, ambao ndio sababu ya mkutano huu. Mwaka 2009, na tena mwaka 2018 na 2019, serikali ilipowatoa watu katika msitu wa Mau, jamaa nyingi zenye asili ya Bomet na Kericho zikajikuta kando ya barabara, akina mama wa makanisa, Msalaba Mwekundu, wenye maduka na vijana wa bodaboda waliwapelekea blanketi, unga na maturubai bila ya kuulizana kabila. Ile kokwet ya wazee wetu, ambamo majirani walikutana kutatua shida ya mmoja wao, haijafa. Lakini ninyi mmezoea kuitambua dhiki kwa mahema yake. Mkiona kambi, mnakwenda. Watu wanaoondolewa na mashine hawapigi kambi: huondoka mmoja mmoja, nyumba baada ya nyumba, huyu akajibanza katika chumba cha ndugu yake mjini, yule akarejea Gusii kwenye shamba ambalo ndugu zake wamekwisha kugawana, na mwingine, aliyezaliwa katika laini na baba yake akazaliwa humo humo, akazunguka stendi ya matatu kwa kuwa hana mahali anapoweza kupaita kwao. Hakuna mpiga picha awatafutaye. Kwa rai yangu, hao ndio wasio na makao walio wengi na wasiojulikana kuliko wote katika nchi hii ya chai, na huduma yetu, pamoja na usafi wake wote wa nia, bado haijawafikia.

Na ikhtiari ipo. Kifungu cha 40 cha Sheria ile ile ya Ajira kinamlazimisha mwajiri, kabla ya kupunguza watu, akiarifu chama chao na afisa wa kazi kwa muda usiopungua mwezi mmoja, tena alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili uliotumikiwa. Sheria imehesabu siku za mshahara, ila juu ya siku za kulala imenyamaza. Mwezi huo mmoja ndio wakati wa kujitolea: kumsaidia mtu kutafuta chumba kabla ya mlango kufungwa, kumhamishia mtoto shule, kumwandikia dada asiyejua kusoma barua ya kudai haki yake. Blanketi ipelekwayo wiki mbili baadaye ni thawabu kwa mtoaji, lakini kwa mpokeaji imechelewa.

Fauka ya hayo, liko jambo ambalo huruma peke yake haiwezi kulitimiza. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kufaa, na tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipotiwa sahihi mwezi wa Machi 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba. Mchumaji naye hukatwa. Ni haki, basi, akiondolewa na mashine, ahesabiwe miongoni mwa wa kwanza kupewa nafasi katika nyumba zijengwazo Kericho na Bomet kwa fedha hiyo. Kadhalika, katika mkataba wa pamoja baina ya chama cha wafanyakazi na wenye mashamba kiwekwe kifungu kisemacho kwamba aliyeachishwa kwa sababu ya mashine atakaa katika nyumba yake hadi muhula wa shule umalizike, kisha alipwe nauli na gharama ya kuhamisha vyombo. Hilo si ombi kubwa kwa mwenye uwezo wa kununua mashine.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nawaomba wajumbe wa semina hii, kabla hatujatawanyika leo jioni, tuchague watu wachache kutoka Kericho na wachache kutoka Bomet, wawe na daftari, na kila mwezi waende kwa afisa wa kazi na katika ofisi ya tawi la chama kuuliza ni shamba gani limetoa notisi, na ni watu wangapi wanaoishi katika nyumba zake.