Sayansi ya Uzazi: Mtoto Ataulizwa Lini?



Mkisikia neno "uzazi" kutoka kwa sisi watu wa afya, mnategemea habari za kuzuia mimba. Leo ni kinyume chake. Leo tunazungumza juu ya watu wanaotafuta mtoto na hawampati, na jinsi sayansi inavyoweza kuwasaidia. Halafu tutafika mahali pagumu, ambapo mtaalamu anaweza kufanya jambo na bado tukamwambia: hapana, acha.

Tuanze nyumbani. Mke na mume wamekaa miaka mitano bila mtoto. Nani anasemwa? Mke. Mawifi watasema, mama mkwe atasema, hata jirani asiyehusika naye atatia neno. Mume hata kupimwa hapimwi! Lakini tatizo linaweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili: mbegu za kiume ni chache au hazina nguvu, mayai hayapevuki, mirija imeziba. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo la kutopata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Sasa wote hao wamerogwa?

Hapo kwenye mirija tusimame kidogo, maana panakuhusu hata wewe wa kidato cha pili. Mirija ya uzazi ndiyo njia ya yai kwenda kwenye mfuko wa uzazi, na humo ndimo yai hukutana na mbegu ya kiume. Klamidia na kisonono visipotibiwa vinaweza kupanda mpaka huko, vikaacha makovu, njia ikaziba. Ubaya wake ni kwamba wasichana wengi hawaoni dalili yoyote. Mtu anakuja kujua akiwa na miaka 30, ameolewa, anatafuta mtoto. Magonjwa haya yanatibika kwa dawa za kawaida, mradi utibiwe mapema na mwenzako naye atibiwe. Kwa hiyo kama umekwisha kufanya ngono bila kinga, nenda ukapimwe, hata kama hujisikii vibaya. Usiende dukani kununua vidonge viwili vitatu kwa kubahatisha.

Haya, na ambaye mirija imekwisha kuziba? Lesley Brown wa Uingereza alikuwa mmoja wao. Yeye na mumewe John walitafuta mtoto kwa miaka 9. Daktari Patrick Steptoe akachukua yai moja kutoka mwilini mwake. Mwanasayansi Robert Edwards na msaidizi wake Jean Purdy wakalikutanisha na mbegu za John kwenye kisahani cha kioo, na siku chache baadaye kiinitete kikarudishwa katika mfuko wa uzazi wa Lesley. Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, akazaliwa Louise Brown. Magazeti yakamwita mtoto wa chupa, utadhani alikaa kwenye chupa miezi tisa! Alikaa tumboni mwa mama yake kama wewe na mimi. Wako waliosema watoto wa namna hii watakuwa na kasoro, hawatazaa. Louise alijifungua mtoto wake mwenyewe mwaka 2006, na mimba aliipata kwa njia ya kawaida. Kufikia mwaka 2018 ilikadiriwa kuwa watoto zaidi ya milioni 8 walikwisha kuzaliwa kwa njia hii, na huku kwetu Nairobi ilipata wa kwanza mwaka 2006. Gharama ndiyo bado kubwa mno kwa mkulima au mwalimu. Hilo nalo ni suala la haki, ila leo nalipita.

Sasa tufike pale pagumu. Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuwa wamezaliwa watoto mapacha wa kike ambao yeye alibadilisha jeni zao wakiwa bado viinitete maabara. Virusi vya UKIMWI vinahitaji mlango ili viingie kwenye seli, na mlango mmoja hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo CCR5. Yeye akaiharibu jeni hiyo ili watoto wasiweze kuambukizwa maishani.

Unasikia vizuri, siyo? Hata mimi ningepiga makofi, kama habari ingeishia hapo. Baba wa watoto alikuwa na virusi, mama hana. Lakini mbegu za baba zilikwisha kusafishwa maabara kuondoa virusi, kwa njia inayojulikana. Yaani watoto walikuwa salama kabla jeni haijaguswa. Tena mabadiliko yenyewe hayakutoka sawasawa na yale yanayojulikana kwa watu waliozaliwa nayo. Pacha mmoja alibaki na nakala moja nzima ya jeni hiyo, na viko virusi vya UKIMWI vinavyotumia mlango mwingine. Hatari ikawa kubwa, faida haba. Na jeni iliyobadilishwa hivyo hurithiwa, mpaka kwa wajukuu.

Utasema wazazi waliridhia, walitia sahihi. Kweli. Lakini China wakati huo mtu mwenye virusi alipata shida kubwa kukubaliwa kwenye huduma ya kutungishiwa mimba. Ukimfungia mtu milango yote ukamwachia mmoja, sahihi yake ina uzito gani? Hati ya kamati ya maadili nayo ilikuwa ya kughushi. Desemba 2019 mahakama ilimhukumu He Jiankui kifungo cha miaka 3.

Msidhani nasema urithi wa mtu usiguswe kamwe. Uingereza, Bunge liliruhusu mwaka 2015 mitokondria zenye ugonjwa za mama zibadilishwe kwa za mwanamke mwingine, maana magonjwa yake huua watoto wachanga. Wananchi walijadili kwanza, kila mama huombewa kibali peke yake, na Julai 2025 ilitangazwa kuwa watoto 8 wamezaliwa. Nao hawakuulizwa, najua. Ila kwa hao ugonjwa ulikuwepo, na mama aliyetaka kuzaa mtoto wa damu yake hakuwa na njia nyingine nzuri.

Wale mapacha wa China sasa ni wasichana wa umri wa kwenda shule. Jadilianeni darasani, halafu mtuandikie: kama ungekuwa wewe, ungetaka uambiwe ukiwa na miaka mingapi, na nani akuambie?