Pikipiki ya Kikundi Inapopiga Kelele Juu ya Injini
(Maneno tuliyosema mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Kisumu na kando ya ziwa)

Tumeombwa tuongee juu ya pikipiki. Hatuongei juu ya ile mpya yenye plastiki bado kwenye kiti, hapana. Tunaongea juu ya ile kuukuu ya kikundi, iliyonunuliwa mkono wa pili au wa tatu, ambayo asubuhi hubeba omena, mchana hubeba mahindi, na usiku hubeba mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Hiyo ikilala kwa fundi wiki mbili, kila mtu hapa anajua mfuko wa kikundi unavyolia.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba miaka ya 1990 boda boda ya Kisumu ilikuwa baiskeli. Cheni ikitoka unairudisha kwa mkono, unaenda. Lakini kuanzia kama mwaka 2008, kodi ya VAT ilipoondolewa kwa pikipiki ndogo, injini zilijaa barabarani, na nyingi za wakati ule zimezeeka mikononi mwetu. Injini ikizeeka huanza kuongea. Shida ni kwamba sisi wenyewe hatuelewi inasema nini, kwa hiyo tunamwachia fundi aitafsiri, na tafsiri mara nyingi ni moja tu: "Hii ni valvu, lazima tufungue injini."

Tunasema, ngoja kwanza. Kuna mambo ya kutazama kabla ya kufungua, na kuyatazama hakugharimu kitu.

Tunaongea juu ya injini za mipigo minne, kama zile za muundo wa Honda CG125. Yamaha AG100 ya zamani, ile ya mipigo miwili inayotoa moshi, haina valvu za namna hii. Mwenye hiyo asikilize tu, asije akaenda nyumbani kutafuta tapeti zisizokuwako.

Cha kwanza ni oili. Gari dogo lina lita tatu au nne za oili. Pikipiki hizi zina karibu lita moja tu, na hiyo hiyo moja inalainisha pistoni, valvu, gia na klachi. Ikipungua robo lita, umepoteza robo ya yote. Ndiyo maana kelele juu ya injini mara nyingi ni oili tu imekwisha. Juu ni mbali, na oili ikipungua au ikiwa nyepesi kupita kiasi, huko juu ndiko kunaanza kulia njaa.

Ipimeni sawasawa. Pikipiki isimame wima mahali tambarare, siyo kulala kwa stendi ya kando, maana ikilala kijiti kinadanganya. Iwasheni dakika tatu, mzime, mngoje dakika mbili au tatu, kisha mfute kijiti na kukitumbukiza tena. Kwa Honda nyingi hukikazi kukifunga unapopima, unakiegemeza tu. Za aina nyingine hupimwa tofauti, fuateni kitabu chake kama kipo.

Halafu itazameni hiyo oili yenyewe. Nyeusi peke yake si ugonjwa, ni kazi. Lakini ikiwa ya rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ndugu zetu wa uwanda wa Kano wanaovuka mafuriko wanaijua hali hii. Msiiendeshe hata hatua moja, imwageni, mtie nyingine. Ikinuka petroli, na kijiti kinaonyesha imepanda badala ya kupungua, basi kabureta inavuja ndani ya injini. Wengine wakiona imepanda hufurahi! Kumbe oili imekuwa maji, haiwezi tena kushika vyuma. Tengenezeni kabureta kwanza, ndipo mbadilishe oili.

Na tuseme ukweli juu ya ile oili ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Huwezi kujua imetoka wapi. Nunueni iliyofungwa, ya pikipiki, yenye unene ulioandikwa kwenye kitabu. Kwa joto letu 20W-50 au 20W-40 ni ya kawaida. Baadhi ya oili za gari hufanya klachi iteleze, kwa sababu klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo. Na mhesabu. Anayetembea kilomita 100 kwa siku anafikisha 2,000 kwa siku 20. Anayebadilisha "mara moja kwa msimu" anajidanganya.

Sasa tuje kwa hili neno "presha". Watu husema "presha ya oili iko chini", lakini pikipiki nyingi za namna hii hazina mita wala taa ya kuonyesha presha. Tena kranki yake hukaa juu ya beringi za magololi, ambazo haziombi presha kubwa, zinaomba oili ifike. Kwa hiyo swali letu ni moja: je, oili inafika juu?

Kulijua ni rahisi. Injini ikiwa na joto kidogo, zimeni, mfungue kile kifuniko kidogo cha tapeti juu ya hedi. Iwasheni ingurume polepole, mtazame kwa mbali kidogo. Mkiona oili inalowesha na kurukaruka ndani, inafika. Wekeni kitambaa isimwagikie ekzosi yenye moto. Dakika moja ikipita na mle ndani ni kukavu, zimeni mara hiyo hiyo. Msiseme "tuifikishe sokoni kwanza". Chuma kinachosuguana bila oili huliwa haraka, na safari hiyo moja ya soko inaweza kuwa bei ya kamshafti na roka zake. Wazee waliopanda BSA na Triumph za Kiingereza walikuwa na desturi ya namna hii: oili ya pikipiki hizo ilikaa kwenye tangi lake peke yake, nao walifungua kifuniko cha tangi kuona kama inarudi kabla ya kushika njia.

Ikiwa juu ni kukavu, kisababishi si valvu. Usikubali mtu aanze kukaza valvu. Mwambie fundi aanze chini, kwenye chujio la pampu. Tumeona kikundi kimoja cha akina mama wa ufukweni ambao walilipa injini ifunguliwe mara mbili, wakanunuliwa pistoni na ringi, na kelele ikarudi mara zote mbili. Mara ya tatu mtu akafungua chujio, akakuta limezibwa na vipande vya ile gundi ya gasketi. Kila aliyefungua alipaka gundi nyingi ili isivuje, iliyobaki ikaminyika ndani, ikavunjika, ikaenda moja kwa moja kwenye chujio. Pesa za pistoni zile zilikuwa akiba ya karo. Gundi ipakwe nyembamba, na mahali pa gasketi ya karatasi mara nyingi haihitajiki kabisa.

Chujio likiwa safi, tazameni pampu, halafu njia ya kupanda juu. Katika injini nyingi ndogo oili hupanda kandokando ya stadi mojawapo ya silinda. Gasketi ikigeuzwa, au washa ya shaba ikirudishwa kwenye stadi isiyo yake, njia inaziba au oili inavujia nje.

Na kama oili inafika vizuri, lakini kelele ipo? Hapo sasa sikilizeni. Chukueni bisibisi ndefu, ncha iguse injini, mpini uweke kwenye sikio, mbali na vitu vinavyozunguka. Mlio mwepesi wa tik-tik juu kabisa, wenye mwendo wa nusu ya mwendo wa injini, ni tapeti. Mlio wa kukwaruza ubavuni, kwa injini zenye cheni ya taimingi, ni cheni imelegea. CG yenyewe haina cheni hiyo, inatumia fimbo za kusukuma, na kelele kidogo ni tabia yake tangu ilipotoka mwaka 1976. Kugonga kizito chini, kunakozidi mkipanda mlima na abiria wawili, hilo ni jambo la kranki, na hapo ndipo fundi ana haki ya kufungua. Kelele inayokuwepo asubuhi na kupungua injini ikipata joto haitishi sana. Inayozidi kadiri joto linavyopanda ndiyo ya kuogopa, maana oili imekuwa nyepesi na vyuma vinakutana.

Tapeti hurekebishwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kabisa kwenye mpigo wa kubana, alama ya T kwenye flaiwili ikilingana na alama ya kifuniko. Nafasi inayoachwa ni ndogo sana, mara nyingi kati ya 0.05 na 0.10 ya milimita. Wembe wa kunyolea ni kama 0.1. Kwa hiyo fundi anayepima kwa kidole na kusema "hapo sawa" hajapima. Kikundi kinunue fila geji yake, kiitunze na mweka hazina pamoja na kitabu cha risiti. Hatuoni haya kusema hivyo.

Hapa tunaomba msikilize zaidi, hasa vijana mnaoendesha. Msinunue ukimya. Kuna mafundi ambao, ili mteja aridhike, hukaza tapeti mpaka injini inyamaze kabisa. Unaondoka umefurahi. Lakini valvu isiyo na nafasi, ikipata joto inarefuka na haifungi vizuri tena. Valvu ya moshi hupoza joto lake kwa kukaa kwenye kiti chake. Isipokaa, huungua. Dalili zake: injini ikiwa baridi inawaka, ikiwa na moto inakataa, kiki inakuwa laini, nguvu inapotea kwenye mlima. Na hakuna kelele hata kidogo. Valvu inayosikika kidogo bado inafanya kazi.

Kwa mchanga hatutakawia. Anayetoa kichungi cha hewa ili "ipumue" kwenye barabara za ufukweni anapeleka mchanga kwenye silinda. Basi.

Oili mtakayomwaga leo itieni kwenye mtungi wenye kifuniko, siyo kwenye mtaro. Mtaro wa hapa unaishia ziwani tunakochota maji. Sasa tutoke nje. Pikipiki ya kikundi cha Dunga imekwisha kupoa, na tunataka mama mweka hazina ndiye ashike ile geji kwanza.