MGENI KATIKA MJI WA VALENCIA
(Maneno ya hotuba juu ya maisha ya wageni katika Hispania)



Mji wa Valencia u katika pwani ya mashariki ya Hispania, kando ya bahari ya Mediteranea. Kwa wingi wa watu ni wa tatu katika nchi hiyo, baada ya Madrid na Barcelona. Watu wengi wa nchi nyingine wamehamia huko: baadhi yao hutafuta kazi, baadhi husoma, na wengine ni wazee waliokwisha kustaafu ambao hulipenda jua lake. Hotuba hii yahusu juma moja la mgeni wa namna hiyo, na mambo yampasayo kujifunza kabla hajaweza kujiita mtu wa mji.

Jumatatu huenda katika ofisi ya baraza la mji ili aandikishe jina lake na nyumba anayokaa. Huko atasikia lugha mbili, Kihispania na Kivalencia, nazo zote ni lugha za serikali. Mkuu wa mji huitwa alcalde. Asili ya neno hilo ni Kiarabu, nalo ni neno lile lile ambalo watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hulitamka kadhi; maana Waislamu waliutawala Valencia kwa muda wa karibu karne tano, hata mfalme Jaime I alipouteka mwaka wa 1238.

Katika siku zifuatazo mgeni hujifunza saa za wenyeji. Chakula cha mchana huliwa saa nane, na cha jioni saa tatu za usiku. Kwa hiyo mafundi na wakulima hupumzika kama saa nne asubuhi wakala mkate mkubwa uliojazwa nyama au mayai. Katika Soko Kuu, lililofunguliwa mwaka wa 1928, yeye aendaye jioni kununua samaki atakuta milango imefungwa.

Siku ya Alhamisi, saa sita kamili za mchana, yafaa aende kwenye Mlango wa Mitume wa kanisa kuu. Hapo huketi Baraza la Maji. Mahakimu wake ni wakulima wanane waliochaguliwa na wakulima wenzao, mmoja kwa kila mfereji mkuu unaonywesha mashamba kwa maji ya mto Turia. Mtumishi wa baraza hutaja mifereji kwa majina yake, akiuliza kama kuna mshtakiwa. Mtu aliyefungulia maji si zamu yake, au aliyeyaacha yakafurika katika shamba la jirani, husimama na kujibu kwa kinywa chake, hakuna wakili. Hakimu wa mfereji ulio na kesi haruhusiwi kuamua, wala hukumu haikatiwi rufani. Mwaka wa 2009 shirika la UNESCO lililiingiza baraza hilo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Jumapili ni siku ya wali. Mpunga hulimwa kando ya ziwa Albufera, jina ambalo kwa Kiarabu maana yake ni bahari ndogo. Wali huo hupikwa pamoja na kuku, sungura na maharagwe katika kikaango kipana kiitwacho paella, na wenye kufuata desturi ya zamani hukizunguka wote na vijiko vyao, kama watu wa pwani wanavyozunguka sinia.

Lakini maji yale yale yaletayo mpunga yameleta pia msiba. Tarehe 14 Oktoba, 1957, mto Turia ulifurika katikati ya mji, na watu wasiopungua 80 walikufa. Baada ya hapo serikali ilichimba njia mpya ya mto kusini ya mji, na mkondo wa zamani ukawa bustani ndefu ambamo watoto hucheza leo.

Jumanne, tarehe 29 Oktoba, 2024, mvua kubwa mno ilinyesha katika vilima vya bara. Mahali paitwapo Turís ilipita milimita 700 kwa siku moja. Njia mpya ya mto iliukinga mji wenyewe, bali vijiji na miji midogo iliyo ng'ambo yake, kama Paiporta na Catarroja, haikuwa na kinga. Huko mvua ilikuwa haba, na watu wengi hawakudhani kuwa maji yaja. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa onyo kali tangu asubuhi, lakini tangazo la hatari lililopelekwa katika simu za wananchi lilifika saa mbili na dakika 11 za usiku, wakati wengi walikuwa wamekwisha zingirwa. Wengine walifia chini ya nyumba zao walikoshuka kuokoa motokaa. Katika mkoa wa Valencia walikufa watu zaidi ya 220.

Siku tatu baadaye maelfu ya watu wa mjini walivuka daraja kwa miguu, wakichukua mafagio, majembe na maji ya kunywa, wakaenda kuondoa matope katika nyumba za watu wasiowajua. Wenyeji walikuwamo, na wageni pia. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hapo hapakuwa na mtu wa kumpa mgeni jembe, alilichukua mwenyewe.

Basi yeye ahamiaye katika mji wa watu, asiridhike na jua na bahari tu. Aulize maji hupita wapi yakizidi. Ajifunze lugha kiasi cha kufahamu onyo linapotolewa. Awajue jirani zake kwa majina, kabla ya siku ya kuhitajiana. Na wale waliopewa kazi ya kutoa onyo wakumbuke kwamba neno la kweli likichelewa haliokoi mtu.