Na Marley Je?

Wakati huu wa Majilio, Kanisa linapojitayarisha kwa sikukuu ya kuzaliwa kwake Mwokozi, nataka tufikiri pamoja juu ya mtu mmoja ambaye hayumo katika Biblia, lakini habari zake zinatupeleka moja kwa moja kwenye Injili ya Luka, sura ya 16, kuanzia mstari wa 19 hadi wa 31. Mwenye Biblia karibu na aifungue.

Jina la mtu huyo ni Jacob Marley. Ni mtu wa hadithi tu. Alibuniwa na mwandishi Mwingereza, Charles Dickens, katika kitabu kidogo kiitwacho A Christmas Carol, kilichotolewa London tarehe 19 Desemba 1843. Nakala 6,000 za kwanza zilikwisha kabla ya siku ya Krismasi. Dickens aliyajua mateso ya maskini. Mwaka 1824, alipokuwa mtoto wa miaka 12, baba yake alifungwa katika gereza la Marshalsea kwa sababu ya madeni, na mwaka ule ule mtoto mwenyewe alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu kwa shilingi 6 kwa juma.

Wengi wenu mliosoma kitabu hicho shuleni mnamkumbuka Scrooge, mfanyi biashara mchoyo, ambaye hata makaa ya kuotea moto alimpimia karani wake. Usiku wa kuamkia Krismasi anajiwa na mzuka wa Marley, aliyekuwa mshirika wake katika biashara, na ambaye alikufa miaka saba kabla, usiku kama ule ule. Marley amefungwa mnyororo mrefu kiunoni. Na mnyororo wenyewe si wa pingu za kawaida. Umetengenezwa kwa makasha ya fedha, funguo, kufuli, vitabu vya hesabu, hati na mikoba mizito ya chuma. Anamwonya Scrooge, anamwambia kwamba roho tatu zitamjia, kisha anatoka kwa dirisha na kwenda zake. Kutoka hapo hatumwoni tena. Scrooge anatubu, karani anaongezewa mshahara, mtoto mgonjwa Tiny Tim anapona, na kila mtu anafurahi.

Lakini Marley je? Inasemekana kwamba msichana mmoja mdogo huko Marekani aliuliza jambo hilo hilo. Aliona kuwa Marley ametendewa vibaya: alimletea mwenzake wokovu, na yeye mwenyewe akaachwa na minyororo yake. Swali hilo lilimchoma moyo Tom Mula, mwigizaji aliyekuwa akicheza nafasi ya Scrooge katika ukumbi wa Goodman Theatre mjini Chicago. Basi mwaka 1995 akatoa kitabu, Jacob Marley's Christmas Carol, kinachosimulia hadithi ile ile ya zamani, lakini kwa upande wa Marley. Humo Marley anaambiwa kwamba ipo njia moja tu ya kufunguliwa: ni lazima aubadilishe kabisa moyo wa Scrooge, kabla muda haujakwisha. Anaondoka akiwa na kiumbe kidogo chenye mzaha kinachokaa sikioni mwake. Mwanzoni anakwenda kwa faida yake mwenyewe, kama mfanyi biashara anayetazamia malipo. Lakini kadiri anavyomtazama Scrooge, akiona alivyokuwa mtoto mpweke, ndivyo anavyoanza kumhurumia kwa kweli.

Ndugu zangu, hadithi hiyo ni nzuri, nami sina neno na mtu akiisoma na watoto wake. Mtoto yule aliuliza swali la haki. Lakini mwanafunzi wa Kristo hana budi kulipima jibu la kitabu kwa Neno la Mungu. Na tukifanya hivyo tunakuta mambo matatu.

Jambo la kwanza ni hili. Marley alikuwa na nafasi ya kumwokoa mwenzake muda mrefu kabla ya kufa. Walikuwa washirika kwa miaka mingi. Jina la kila mmoja liliandikwa juu ya mlango ule ule. Scrooge alikuwa rafiki yake wa pekee, na ndiye peke yake aliyemwombolezea. Ni nani aliyemjua Scrooge kuliko Marley? Ni nani aliyeona moyo wake ukikauka mwaka baada ya mwaka? Ni Marley. Wala hakusema neno, kwa maana moyo wake yeye ulikuwa unakauka vile vile, na biashara ilikuwa inakwenda vizuri. Hawakugombana. Mara nyingi watu wawili wakipatana sana katika dhambi, huita mapatano hayo urafiki.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Sasa rudini katika Luka 16. Yule tajiri akiwa katika mateso aliona mbali, akamwomba Ibrahimu amtume Lazaro nyumbani kwa ndugu zake watano awaonye. Ombi lake ni lile lile la Marley: amekwisha kufa, sasa anawakumbuka walio hai. Naye akakataliwa. Aliambiwa kuwa ndugu zake wanayo maandiko ya Musa na ya manabii, na wasipoyasikia hayo, hata maiti akirudi kutoka kaburini hawatashawishika. Tena aliambiwa kwamba kati ya pande zile mbili pana shimo kubwa, wala hapana anayevuka.

Dickens mwenyewe alilijua shimo hilo. Anaandika kwamba Marley alipotoka dirishani, Scrooge alichungulia akaona anga limejaa mizuka wengine waliofungwa minyororo. Mmoja wao, mwenye sanduku kubwa la chuma mguuni, alikuwa analia kwa uchungu kwa sababu alimwona mama maskini na mtoto mchanga wamekaa mlangoni penye baridi, naye hawezi kuwasaidia. Alipokuwa na uwezo hakuwa na nia. Sasa nia anayo, uwezo hana. Kwangu mimi hapo ndipo penye fundisho kubwa la kitabu kizima.

Kwa hiyo hatuwezi kufundisha kwamba mtu akifa atapewa kazi ya kufanya ili alipe deni lake. Waraka kwa Waebrania, sura ya 9, mstari wa 27, unatuambia kwamba mwanadamu hufa mara moja, na baada yake ni hukumu. Na Kanisa letu, katika kifungu cha 11 cha zile Kanuni 39 za Dini, linakiri kwamba tunahesabiwa haki mbele za Mungu kwa ajili ya Bwana wetu Yesu Kristo, kwa imani, si kwa kazi zetu. Kama hata aliye hai hawezi kuununua wokovu kwa matendo mema, maiti ataununua kwa nini?

Najua pengine yuko msikilizaji anayesema, "Pasta, baba yangu alikufa akiwa na minyororo ya namna hiyo. Waniambia nini?" Mama yangu, ndugu yangu, nakuambia hivi: wewe si hakimu wake, wala mimi si hakimu. Hatujui yaliyopita kati ya mtu na Mungu wake katika saa ya mwisho. Kumbuka mnyang'anyi aliyekuwa msalabani. Mwache baba yako mikononi mwa Yule ambaye Ibrahimu alikiri kwamba hawezi kukosa kutenda haki, katika Mwanzo 18. Lakini wale ndugu watano bado wako hai. Pengine mmoja wao ndiwe.

Jambo la tatu ndilo la furaha. Mbona hadithi ya Marley kwenda kumtafuta mwenzake inatugusa moyo? Nadhani ni kwa sababu ndani yake mna mwangwi wa habari iliyo ya kweli. Lakini tazameni tofauti. Marley wa kitabu alikwenda kwa Scrooge akiwa amefungwa, ili apate kufunguliwa. Bwana wetu Yesu alikuja kwetu akiwa huru, akakubali kufungwa. Marley alibeba mnyororo alioufua kwa mikono yake mwenyewe. Yesu hakufua hata pete moja ya mnyororo, lakini aliubeba wetu wote. Hakutumwa kwetu kwa kuwa alikuwa na deni. Alikuja kwa kuwa sisi tulikuwa na deni. Na mwanzo wa safari hiyo ni usiku ule wa Bethlehemu, katika hori ya kulia ng'ombe. Swali la mtoto yule, "Na Marley je?", halijibiwi kwa Marley kujiokoa. Linajibiwa kwa kusema kwamba Mwokozi alikuwako hata kwa ajili ya Marley siku zote alipokuwa hai, naye hakuinua macho.

Basi tufanye nini? Kila mmoja wetu anaye mshirika. Pengine mna duka pamoja. Pengine ninyi ni mwenyekiti na mweka hazina wa chama cha ushirika, au wazee wa baraza la kanisa, au mume na mke. Wewe unajua kwamba hesabu hazikuandikwa sawasawa. Unajua kwamba yule kijana wa shamba hajalipwa tangu Oktoba, na sasa Krismasi imefika naye hana nauli ya kwenda kwa mama yake. Unajua, na umenyamaza, kwa sababu mnaelewana vizuri. Someni Mambo ya Walawi 19, mstari wa 13 na wa 17. Katika sura hiyo moja Mungu anakataza mshahara wa kibarua kulala kwa tajiri hata asubuhi, tena anaagiza tumkemee jirani yetu, tusije tukachukua dhambi kwa ajili yake. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja.

Utasema, "Mimi ni nani hata nimkemee? Hata mimi nina makosa yangu." Vema. Sasa jifunze kwa Marley jambo moja alilofanya vizuri. Alipoingia chumbani hakuanza na mnyororo wa Scrooge. Alianza kwa kuonyesha wake. Alikiri kwamba aliufua mwenyewe, pete kwa pete. Baada ya hapo ndipo alipomwambia mwenzake kwamba wake ulikuwa mrefu kama huo miaka saba iliyopita, na tangu hapo umezidi. Scrooge alimsikia kwa sababu aliyesema naye hakuwa mwenye haki akimnyooshea kidole, bali mwenye dhambi mwenzake akilia. Nenda hivyo kwa mshirika wako. Usiende mbele za watu. Nenda jioni, ninyi wawili, na useme, "Ndugu yangu, tumekosa. Mimi naanza. Tumlipe kijana haki yake kesho asubuhi."

Pengine atakasirika. Pengine biashara itavunjika. Sikuahidi kwamba atabadilika kwa usiku mmoja kama Scrooge. Lakini wewe utakuwa umesema ungali una mdomo wa kusemea, na mkono wa kulipia, na mlango ungali wazi. Mizuka ya Dickens ingetoa makasha yao yote ya fedha kwa kupata saa moja kama hiyo, nawe unazo siku kadhaa kabla ya Krismasi.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyekuja kwetu ukiwa huru ili utufungue sisi tuliofungwa: tunakushukuru. Utuonyeshe minyororo tunayoifua kila siku, na kwa damu yako uikate. Utupe ujasiri wa kusema na wenzetu kweli katika upendo, maadamu sisi na wao tungali hai. Uwakumbuke vibarua wasiolipwa, na wenye huzuni kwa ajili ya wafu wao. Utufikishe kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwako tukiwa na mikono safi. Kwa jina lako tunaomba. Amina.

Mungu awabariki nyote. Kwaherini.