Suruali ya Baba, Kaptura ya Mtoto

Mazungumzo mbele ya vikundi vya akina mama na wazazi wengine, Matiliku

Tumeombwa tuseme machache juu ya nguo za watoto, na hasa jinsi ya kuzipata nyumbani bila kungoja pesa. Tutasema kwa Kiswahili kwa sababu tunao wageni wasiosikia Kikamba, lakini atakayekwama atuulize kwa lugha yoyote aitakayo.

Karibu kila nyumba hapa Matiliku ina nguo ambazo hakuna anayezivaa. Zimo ndani ya gunia, au zimesukumwa chini ya kitanda. Suruali ya baba iliyotoboka magoti. Rinda la mama lililombana. Shati la kaka aliyekwenda Nairobi akaacha za zamani. Na nyumba hiyo hiyo ina mtoto wa miaka minne ambaye kaptura yake imepasuka nyuma, kwa hiyo wageni wakija anakaa kitako ukutani hasimami. Ukimwuliza mama atakwambia, "Nangoja mvua ya Novemba, tukivuna tutamnunulia." Haya, mvua ya huku kwetu si tunaijua? Toka mwisho wa mwaka 2020 hadi mwanzo wa 2023 misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha katika sehemu kavu za nchi hii. Watoto hawakungoja. Waliendelea kukua.

Hatukuja kuwakataza kununua mitumba. Wengi tulio hapa tumevaa mitumba sasa hivi, na tumependeza. Ila tazameni vizuri siku ya soko. Nguo ndogo ya mtoto, kama ni safi, inagombewa asubuhi na mapema, na bei yake hailingani kabisa na kile kipande kidogo cha kitambaa ulichopewa. Lakini shati kubwa la mwanamume mnene, au rinda pana la mama wa Ulaya, litalala pale chini mpaka jioni, mpaka lifike zile za fagia. Mwenye kujua kukata akiinama pale hanunui nguo, ananunua kitambaa. Kitambaa chenyewe kimekwisha kufuliwa mara nyingi, kwa hiyo kama ni cha pamba hakitarudi tena, rangi iliyokuwa itoke imeshatoka, na ni laini kwa ngozi ya mtoto kuliko kile kipya cha dukani.

Na tusifikiri mitumba itakuwepo siku zote kwa bei hii. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza mitumba hadi iishe kabisa. Rwanda ikapandisha ushuru, Kenya ikajitoa katika mpango huo mwaka uliofuata. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, serikali yetu ilisimamisha uingizaji wa mitumba kuanzia Machi hadi Agosti. Miezi hiyo ndipo wengi tulipojifunza kushika sindano, tukishona barakoa kutokana na leso na mashuka. Wenzetu wa Kitui walikuwa na kiwanda cha nguo cha kaunti pale Syongila, KICOTEC, kikawa kinashona barakoa kwa wingi. Sisi wengine tulikuwa na mkasi wa jikoni. Basi ule ujuzi uko wapi sasa? Umelala kabatini na barakoa zenyewe.

Sasa kuna neno aibu. Tumelisikia hata leo asubuhi: "Watasema mtoto wangu anavaa matambara." Tunawaomba msikilize. Huko Uingereza, ambako baadhi ya mitumba hii inatoka, nguo ziligawiwa kwa kuponi kuanzia mwaka 1941 wakati wa vita hadi mwaka 1949. Serikali yenyewe iliwapa akina mama vijitabu vya kuwafundisha kukata suruali ya baba kuwa ya mtoto na kugeuza koti upande wa ndani. Hakuna aliyechekwa, kwa sababu kila mtu alifanya. Kinacholeta aibu ni nguo iliyokatwa ovyo: mguu mmoja mrefu, uzi mwekundu juu ya kitambaa cha buluu, kiraka kilichobandikwa kama plasta. Nguo iliyopimwa, ikashonwa kwa uzi wa rangi yake, ikapigwa pasi, nani atauliza ilikuwa ya nani? (Ila ule mtindo wa kukata rinda la mama lenye maua makubwa ambalo soko zima linalijua, hapo hata sisi tutakushauri ulitumie kwa nguo ya kulalia.)

Kabla ya mkasi kuna jambo moja ambalo tunataka mtu asiondoke hapa bila kulishika, kwa kuwa linahusu uhai. Watoto wetu wanazunguka mafiga. Wengi wenu mnapikia kuni, mafiga matatu, na mtoto yuko hapo hapo anaota moto mwezi wa Julai. Nguo nyingi za mitumba si pamba. Ni polista na nailoni, na zikishika moto zinayeyuka, zikagandamana na ngozi kama plastiki ya mfuko. Kwa hiyo jaribu kwanza. Chomoa nyuzi chache kwenye pindo, zishike kwa kibanio au koleo, mbali na kitambaa, mbali na mtoto, halafu uziwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, nayo haipendi kushika moto. Polista hujikunja, huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu cheusi. Kile kilichoacha kidonge kitengeneze mfuko wa shule, au koti la mvua, usitengeneze nguo ya mtoto ya kukaa jikoni wala ya kulalia.

Wala msituelewe vibaya, pamba pia inaungua, tena upesi. Ndiyo maana mikono ya nguo ya mtoto mdogo isiwe mipana ya kuning'inia, na rinda lisiwe la kufagia chini. Na ajali ikitokea, mtoto amwagiwe maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Nguo iliyogandamana msiivute. Msipake unga, mafuta wala dawa ya meno. Mfunikeni kwa kitambaa safi mkimbilie hospitali. Ya Matiliku iko hapo karibu.

Haya, tushone. Tutawaeleza kaptura tu kwa kirefu, maana ndiyo rahisi, na anayeiweza hiyo mengine atayaweza.

Chukua suruali ya mtu mzima. Ifue kwa maji ya moto, ianike juani, kisha iinue kwenye mwanga wa mlango. Magoti na makalio utaona mwanga unapita, hapo pamekwisha. Lakini chini ya goti kitambaa mara nyingi ni kizima kama siku kiliponunuliwa. Kata miguu yote miwili chini kidogo ya goti. Sasa una vipande viwili mfano wa mifereji, na kila kimoja kina pindo lake tayari chini. Pindo hilo usiliguse, ndilo litakalokuwa pindo la kaptura. Fundi wa kiwandani amekushonea bure.

Mpime mtoto. Kama tepu hakuna, tumia uzi na rula ya shule. Anzia kiunoni mbele, pitisha uzi katikati ya miguu, urudi hadi kiunoni nyuma. Gawanya kipimo hicho mara mbili, ongeza vidole vinne: viwili vya mshono na nafasi ya kuchuchumaa, viwili vya kukunjia lastiki. Hicho ndicho kimo cha kutoka kiunoni hadi kwenye tako. Kila mguu wa suruali una mshono wa ndani. Anzia juu, pale ulipokata, fungua mshono huo kwa wembe kushuka chini kwa kipimo hicho, halafu ukate kingo zake zifuate umbo la herufi J, siyo mstari wa moja kwa moja. Upande wa mbele uchimbe zaidi kidogo kuliko wa nyuma, maana mtoto ana makalio. Kama unaogopa, tandaza kaptura yake ya zamani juu ya gazeti, chora, kata gazeti kwanza. Gazeti likiharibika hakuna anayelia.

Geuza mguu mmoja ndani nje, uingize ule mwingine ndani yake, nzuri kwa nzuri. Ile mikato miwili ya J sasa imelaliana. Piga bandi kwanza kwa uzi wa kuonekana, mvalishe mtoto, achuchumae, aruke. Ikiwa haimbani, shona mshono wenyewe. Kwa mkono inawezekana kabisa: sindano iende mbele, irudi nyuma nusu ya hatua, iende tena. Hapo kwenye tako pita mara mbili, maana ndipo panapopasuka. Kunja kiuno, acha mwanya, pitisha lastiki kwa pini, funga. Kwa mtu aliyezoea hiyo ni kazi ya alasiri moja.

Kuna mmoja aliuliza kama suruali iliyopauka inafaa. Inafaa. Fungua mishono yote, utaona upande wa ndani rangi bado ipo. Shona ukigeuza wa ndani uwe nje. Na kila mara fuata nyuzi za kitambaa ziwe wima. Ukikata mshazari, baada ya kufua mara mbili mguu mmoja utazunguka ukaelekea Emali na mwingine Wote.

Shati la mwanamume usifungue mbele. Weka mchoro wako juu ya vifungo vilivyopo, ukate mabega na ubavu tu, na shati la mtoto litatoka na vifungo vyake na matundu yake. Shati jeupe zuri ni sare ya shule hilo. Mikono ya sweta la mtu mzima ni suruali ya mtoto mchanga, tayari imebana kwenye kifundo. Unahitaji kuunganisha juu tu. Ila sweta ukilikata, kimbiza uzi ukingoni hapo hapo, la sivyo litafumuka mpaka ubaki na fumba la nyuzi. Acha pindo la vidole vitatu au vinne kwenye nguo zote za mtoto, uwe unafungua anapokua. Vifungo kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu vishonwe imara na kuvutwa kwa nguvu, kwa maana anaving'ata na kuvimeza. Na kamba shingoni hapana. Hata kofia ya sweta, kamba yake itoe. Inanasa kwenye mti au kitanda.

Tumeulizwa pia kama tunataka kuwanyang'anya mafundi wa sokoni chakula. Hapana. Fundi anayekaa barazani na cherehani yake tunamhitaji. Zipu, kola, koti lenye bitana, hayo ni yake, na sisi tukiyajaribu kwa sindano ya mkono tunapoteza kitambaa. Tunachoona kinafaa ni hiki: kata mwenyewe nyumbani, piga bandi, kisha umpelekee vipande vitano kwa pamoja apitishe mashine. Wewe unalipa kidogo kwa kila kimoja, naye anapata kazi nyingi kwa muda mfupi. Tumezungumza na mafundi wawili na hawakukataa.

Jambo la mwisho ni la mwethya. Huku kwetu tumezoea kwenda kwa pamoja kulima matuta na kuchimba bwawa. Hatuoni kwa nini tusikae pamoja na masanduku ya nguo kuukuu. Mama mmoja ana suruali nyingi na hana binti. Mwingine ana marinda na nyumba nzima ni wavulana. Mwenye mkasi mkali ni mmoja katika kumi, na mwenye pasi ya makaa ni huyo jirani. Na mabaki yasitupwe: vipande vya flaneli na fulana ni vya nepi na vya sodo za mabinti, ila hivyo vifuliwe kwa sabuni na kukaushwa juani kabisa, visifichwe chini ya kitanda vikiwa na unyevu.

Watoto wakubwa waachieni wachague. Msichana wa darasa la sita anajua anachoweza kuvaa mbele ya wenzake na asichoweza, na ukimkatia bila kumwuliza, nguo hiyo utaikuta imefichwa kichakani njiani kuelekea shule. Mweke akate pamoja nawe. Wavulana pia, kushona kifungo hakuna jinsia.

Jumamosi ijayo saa nane mchana tutakutana hapa hapa chini ya mwembe. Kila mtu aje na suruali moja iliyofuliwa, wembe, sindano, uzi wa rangi inayofanana, na gazeti. Lastiki tutanunua kwa pamoja, kwa hiyo anayekuja amwambie katibu leo, pamoja na kipimo cha kiuno cha mtoto wake. Mwenye mtoto wa miaka minne amlete mwenyewe, tutamhitaji wa kupimia.