KIPANDO, MAJIVUNO NA SHUKURANI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, tunakuusieni, pamoja na kuziusia nafsi zetu, tumche Mwenyezi Mungu katika yaliyo makubwa na katika yale tuyaonayo kuwa madogo. Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa si la dini, nalo ni kile tukipandacho tuendapo katika shughuli zetu za kila siku.

Katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu ametukumbusha kwamba ametuumbia farasi, nyumbu na punda ili tuwapande na wawe pambo, na kwamba huumba tusivyovijua. Gari ni neema, na baiskeli ni neema. Hapana anayeharamisha gari. Mgonjwa, mzee, mwenye watoto wadogo na msafiri wa Muleba wana haja nalo. Lakini kila neema ina hesabu yake: je, tumeitumia kwa haja, au kwa majivuno?

Tazameni hapa kwetu Kibeta. Mtu anakaa mlimani, na kazi yake iko mjini Bukoba, huko chini upande wa ziwa. Ana afya na nguvu, na safari yenyewe si ndefu. Asubuhi mteremko utamchukua. Jioni atapanda mlima akiisukuma baiskeli yake, na hakuna aibu katika kusukuma. Hata hivyo huwasha gari, hata kwa kwenda kununua mkate. Ukimwuliza sababu, hasemi kuwa miguu inamwuma. Husema, "Watu watanionaje?" Hapo, ndugu zangu, ndipo ulipo ugonjwa. Na ugonjwa huu una gharama, kwani petroli ya majivuno hununuliwa kwa ada ya mtoto, kwa dawa ya mzazi na kwa sadaka ya maskini. Wengine huingia katika deni, nalo deni halisameheki kwa kuwa gari lilikuwa zuri.

Mtume wetu (S.A.W.), naye ndiye mbora wa viumbe, alipanda punda aliyeitwa Ufair, akamchukua Muadh bin Jabal (R.A.) nyuma yake, na juu ya kipando hicho akamfundisha haki ya Mwenyezi Mungu juu ya waja wake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Alikuwa pia akienda msikiti wa Quba siku ya Jumamosi, mara kwa miguu na mara kwa kupanda. Basi ikiwa punda hakumpunguzia Mtume heshima, baiskeli itampunguzia nani?

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, mafuta yalipopanda bei duniani. Katika miaka ile ya shida, serikali yetu ilikataza magari ya binafsi kutembea alasiri za Jumapili. Nchi ya Uholanzi nayo iliyazuia magari siku ya Jumapili, kuanzia tarehe 4 Novemba 1973. Leo nchi hiyo tajiri ina baiskeli nyingi kuliko watu, na wakubwa wao huzipanda kwenda kazini. Basi baiskeli si alama ya ufukara.

Mwili nao ni amana. Shirika la Afya Duniani linausia mtu mzima aushughulishe mwili wake kwa dakika 150 kwa wiki, kwa uchache. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Mwenye kwenda kazini na kurudi kwa baiskeli huenda akaitimiza bila kutafuta wakati mwingine, nayo humsaidia kujikinga na kisukari na shinikizo la damu.

Kisha wakumbukeni wale wanaoleta mikungu ya ndizi kwa baiskeli kutoka vijijini. Chakula chetu kimo juu ya keria zao. Katika mji wa Goma, huko Kongo, wabebaji hutumia chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, na mji umekisimamishia sanamu. Sisi je? Mwenye gari humpigia honi mbeba ndizi, humrushia matope, humsukumia mtaroni. Hiyo ni dhuluma. Kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Basi ole wake mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye udhia.

Nawe mpanda baiskeli, usijitie katika maangamizo. Mvua za Bukoba ni nyingi na miteremko ni mikali. Kagua breki, funga taa usiku, wala usishuke mbio katika utelezi.

Mtume (S.A.W.) aliamrisha mwenye kipando cha ziada ampe asiye nacho. Basi mwenye baiskeli iliyolala ghalani, aitengeneze ampe mwanafunzi anayetembea mwendo mrefu kwenda shule au madrasa. Na mwenye gari, aanze kwa siku moja katika wiki kuliacha nyumbani, na kile atakachokiokoa akitie katika haki za jamaa zake na jirani zake.

Ewe Mola wetu, tuepushe na kiburi na israfu, tulinde njiani, wala usizifanye neema zako kuwa hoja juu yetu. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.